Bado miaka sita nistaafu, na mkupuo wangu tayari una wenyewe

Siku hela ya kustaafu ya kaka yetu mkubwa ilipoingia benki, mimi nilijua kabla hata wifi yangu hajajua. Sio kwamba kaka aliniambia, hapana, mwanae wa pili ndio alinipigia simu asubuhi niko darasani, "shangazi, baba kapokea". Nikatoka nje nikasimama chini ya mwarobaini na simu mkononi, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani, Mungu anisamehe, haikuwa hongera wala kushukuru kwamba mtu kafanya kazi miaka thelathini na zaidi kamaliza salama. Ilikuwa ada. Nilikuwa nadaiwa ada ya mtoto milioni moja na nusu, na jioni ile ile nikampigia kaka.

Alinipa. Hakuuliza hata swali moja.

Hiyo ilikuwa 2019. Kaka alikuwa bwana shamba, kazunguka vijiji vya Kongwa na pikipiki ya serikali mpaka mgongo ukaanza kumsumbua, na alipostaafu mkupuo, yaani ile sehemu ya mafao unayopewa yote mara moja, kwa watu wa mfuko wake ulikuwa bado ule wa zamani wa nusu kwa nusu, nusu unashika mkononi nusu inabaki ya kila mwezi, kwahiyo alipata milioni 60 na kitu kwa mara moja. Mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kushika milioni tano zikiwa zimekaa pamoja. Miezi kumi na minne baadae hela ilikuwa imeisha. Sio pombe, sio wanawake, kaka yangu sio mtu wa hivyo, wala hakuna siku hata moja ambayo unaweza ukaonyesha kidole ukasema hapa ndio alikosea. Alilipa mkopo wa benki uliokuwa umebaki, akapaua nyumba ya kijana wake, akanunua Noah ya biashara iliyokaa gereji zaidi kuliko barabarani, akaozesha binti, akachangia ujenzi wa kanisa, akanipa mimi, akampa mdogo wetu wa Manyoni, akawapa wajomba, na mtu mmoja akampigia simu akijitambulisha ni afisa wa Hazina kuna mapunjo yake yanataka kutoka atume laki nne ya kufungulia faili, akatuma. Sa hivi yuko Kibaigwa anaishi kwa pensheni ya mwezi na kuku wake, na kila nikienda kumsalimia ananichinjia. Mimi niliyekula milioni na nusu yake.

Kwahiyo naandika hii, mwaka 2025, nikiwa na deni. Nina miaka 54, mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma mjini, nimeajiriwa 2001, nikifika 60 mwaka 2031 ni lazima nitoke, ukitaka mwenyewe unaweza kutoka kuanzia 55 ila mimi sitaki. Na kitu nilichokigundua mwaka huu ni kwamba mkupuo wangu ambao hata haujazaliwa tayari una wenyewe. Kila mtu wa karibu yangu ana kipande chake kichwani, na wala hana ubaya, ana shida tu, kama mimi nilivyokuwa na shida chini ya mwarobaini. Tofauti ni kwamba kaka hakujua hayo madai mpaka siku hela imeingia, yakaja yote kwa wiki moja. Mimi nimeamua niyajue sasa.

Ila kwanza ilibidi nijue hiyo hela yenyewe ni shilingi ngapi, maana walimu wengi tunasema "mafao" kama vile tunasema "mbinguni", tunaamini ipo lakini hakuna aliyekaa akapiga hesabu. Nilikuwa mfuko wa pensheni wa PSPF, mwaka 2018 mifuko minne ikaunganishwa, PSPF, LAPF, PPF na GEPF, ndio ikawa hii PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, ambayo makao makuu yake yako hapa hapa kwetu Dodoma. Kila mwezi nakatwa asilimia 5 na mwajiri anaweka 15. Na kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, ambacho watu wanagombana nacho tangu 2018 sio kitu kigumu kihivyo, mwanafunzi wangu wa darasa la saba anakiweza. Unachukua idadi ya miezi uliyochangia unagawa kwa 580, unazidisha na wastani wa mshahara wako wa mwaka kwa ile miaka mitatu mizuri kuliko yote ndani ya kumi ya mwisho, hapo unapata pensheni yako ya mwaka mzima. Kipande cha hiyo unazidisha mara 12.5, ndio mkupuo. Kinachobaki unagawa kwa 12, ndio hela yako ya kila mwezi mpaka Mungu atakapokuita.

Nikaweka wastani wa mshahara milioni moja kwa mwezi ili hesabu iwe nyepesi, miezi 360 ya miaka thelathini. Pensheni ya mwaka ikaja 7,448,276. Kwa asilimia 40 ya sasa, mkupuo 37,241,379. Kila mwezi 372,414.

Niliiangalia hiyo namba ya mwisho muda mrefu. Mei Mosi mwaka huu pale Singida Rais alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kinapanda asilimia 35.1, kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai, tulishangilia kwelikweli, na usiku nimelala ndio nikashtuka kwamba mimi nitakayekuwa nimefundisha miaka thelathini nitaenda kuishi kwa kile kima cha chini cha zamani ambacho tumekubaliana wote hakitoshi.

Alafu kuna jambo ambalo nikiwaeleza wenzangu ofisini wanakasirika. Kikokotoo kilipokuja kile kimoja cha Julai 2022 mkupuo ulikuwa asilimia 33, watu wakalia sana, na kwenye bajeti ya 2024/25 serikali ikatupandisha sisi tuliokuwa mifuko ya asilimia 50 tukawa 40, na wale waliokuwa 25 wakawa 35. Na mimi nilifurahi. Lakini fanya hesabu ya zile zile namba zangu kwa 33, mkupuo unakuwa 30,724,138 na mwezi unakuwa 415,862. Maana yake hiyo milioni sita na nusu niliyoongezewa mkononi inakatwa shilingi 43,448 kila mwezi, na ukigawanya inachukua miezi 150, miaka kumi na miwili na nusu. Nikiishi zaidi ya miaka 72 na nusu ndio naanza kula hasara. Mama yangu ana miaka 81 na bado anatwanga uwele mwenyewe. Sisemi 40 ni mbaya, hela ya sasa ni hela na kuna mambo unafanya na milioni sita huwezi kufanya na elfu arobaini, nasema tu watu tunaangalia mkupuo kama ndio kustaafu kwenyewe wakati kustaafu kwenyewe ni ile 372,000. Mkupuo ni siku moja.

Basi mwezi wa tatu mwaka huu nikamwambia mzee wangu, yaani mume wangu, hebu tufanye mazoezi. Mshahara ukiingia tunaacha 372,000 kwenye simu, zingine zote zinaenda akaunti ambayo kadi yake anashika yeye, na tunaishi. Yeye ni fundi seremala, hela yake tukakubaliana tusiihesabu maana mwaka 2031 atakuwa na miaka 64 na mgongo tayari unamsumbua, na kodi ya vyumba viwili vya uani nayo tukaiweka pembeni, tulitaka tuone ile namba ikiwa peke yake inafanyaje. Nikachukua kaunta buku nikachora mistari. Kila kitu kinaandikwa, hata kiberiti.

Tulifika tarehe 19. Siku kumi na tisa. Nina ukurasa wenyewe hapa mbele yangu. Chakula 118,000 na hapo mahindi na uwele tulikuwa nao ndani. Gesi mtungi mdogo 25,000. LUKU 20,000, maji 17,000, vocha na bando 15,000, nauli ya kwenda shule na kurudi 36,000 ambayo kwa kweli nikistaafu haitakuwepo. Hapo ni 231,000, tungesukuma mwezi kwa shida lakini tungesukuma, mlenda upo, dagaa wapo. Sasa angalia upande wa pili wa ukurasa. Kadi ya mchango wa harusi ya binti wa jirani 50,000. Misiba miwili elfu kumi kumi. Kijana wetu wa chuo "mama nimekwama" 40,000. Mdogo wangu mtoto anaumwa 30,000. 140,000. Ikabaki elfu moja na mwezi una siku kumi na mbili mbele.

Mzee wangu akalichukua lile daftari akasoma kimya, akasema "kwahiyo chakula hakijatushinda". Ndivyo ilivyo, chakula hakikutushinda, waliotushinda ni watu. Na ni watu wetu, hakuna hata mmoja pale ningeweza kumwambia hapana, we unamwambiaje hapana mtu aliyefiwa wakati yeye kwako alikuja na debe la mahindi.

Ndio maana kwenye semina za wastaafu watarajiwa huwa nasikia mengi mazuri ya ufugaji na ujasiriamali lakini nabaki na kiu. Wanakuambia anzisha mradi. Hawakuambii utamwambiaje mwanao.

Pasaka tukaitisha kikao. Kifungua mimba wetu anafanya kazi Dar, sa hivi na hii treni ya SGR mtu anapanda asubuhi na mchana mmekaa wote mezani, akaja, wa chuo akaja, na wa mwisho yuko kidato cha pili yupo nyumbani. Nikamwalika na kaka kutoka Kibaigwa, alikuwa hataki, nikamwambia kaka wewe ndio mwalimu wa leo. Tulikula wali na kuku, alafu nikatoa daftari nikawasomea. Mshahara wangu, mkopo wangu wa benki unaoisha 2028, namba ya mkupuo, namba ya mwezi, na ukurasa wa mwezi wa tatu wote, mpaka ile "mama nimekwama".

Walinyamaza. Yule wa Dar ndio alianza, akasema mama mimi nilikuwa najua ni kama milioni mia. Nikamuuliza ulitoa wapi mia, akasema watu wanasemaga. Alafu akasema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa na mpango wa saluni, alikuwa anasubiri 2031. Wa chuo naye akasema alifikiri kiwanja cha Nzuguni tutakijenga na hiyo hela ili kiwe chake. Nikamgeukia baba yao nikamwambia na wewe sema, akacheka, akasema yeye alikuwa anataka mashine ya randa ya kisasa. Na mimi nikasema la kwangu, nataka kumjengea mama yangu choo cha ndani na kuvuta maji, maana miaka 81 kutoka nje usiku ni hatari. Tukaviandika vyote na bei zake. Zikaja milioni 61 kwenye mkupuo wa 37.

Kaka alikuwa kimya muda wote. Akasema tu, "mimi wangenisomea hivi kabla, nisingenunua ile Noah". Nikamuomba msamaha mbele ya wanangu kwa ile milioni na nusu. Akasema ada ni ada. Lakini nilimuona alivyoshika kikombe.

Kikao hakikuwa kitamu chote, siwezi kudanganya. Wa Dar alikasirika, aliona kama nimemwita ili nimnyime, ikachukua wiki mbili kurudi kuongea kawaida. Lakini mwezi wa sita akanitumia meseji kwamba amejiunga na kikoba cha kazini kwao na saluni ataianza 2027 kidogo kidogo kwa hela yake. Choo cha mama tumeanza mwaka huu huu, tunajenga kwa kodi ya vyumba, maana mwaka 2031 mama atakuwa na 87, sasa nasubiri nini. Randa ya mzee imefutwa na yeye mwenyewe. Kiwanja cha Nzuguni kinabaki kiwanja, na hapa niseme, tulikinunua kabla Rais Magufuli hajatangaza serikali inahamia Dodoma, yaani kabla ya 2016, kwa bei ambayo leo ukimwambia kijana anadhani unamtania. Siku ikibidi tutauza, lakini tutauza sisi kwa mpango wetu, sio kwa sababu kuna harusi.

Mkopo. Hili nalisema kwa walimu wenzangu wote, jamani tuache hii "top up", kuongeza mkopo juu ya mkopo. Sheria inasema makato yasizidi theluthi mbili, lazima ibaki theluthi moja ya mshahara, na sisi tunaichukulia ile theluthi kama ndio mshahara. Kila mkopo ukikaribia kuisha afisa mikopo anapiga simu "mwalimu umefikia kiwango cha kuongeza" na tunaongeza. Mimi nimeongeza mara nne toka nianze kazi na ukiniuliza mara ya pili nilifanyia nini sikumbuki. Huu wa 2028 ukiisha sichukui mwingine, ile rejesho ya 280,000 kwa mwezi nitaendelea kujikata mwenyewe kwa miaka mitatu iliyobaki. Na wale wakopeshaji wa mtaani wa kausha damu ndio kabisa, nimeona mwenzetu kaacha kadi yake ya benki kwa mtu, siku ya mshahara anaenda kuomba nauli.

Sasa hela ya kuweka tunaiweka wapi. Hapa mimi na mzee tulibishana miezi. Benki yake yeye ni mbao. Ana stoo nyuma ya karakana imejaa mninga, anasema mninga haushuki bei na haukopeshwi ndugu, na kwenye la pili yuko sahihi kabisa, hakuna ndugu anayekuja kuomba ubao mbili za ada. Lakini mbao zinaingia mchwa na siku unaumwa saa nane usiku huwezi kwenda hospitali na ubao. Nikamwambia ajiunge mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF maana waliojiajiri wanaruhusiwa, tukaenda kuuliza, na hapo ndipo tulipoumia, ili upate pensheni ya kila mwezi lazima uwe umechangia miezi isiyopungua 180, miaka kumi na tano, na yeye ana 58. Angeanza akiwa na 43 leo tungekuwa tunaongea mengine. Kwahiyo kama una mume fundi, dereva, mama lishe, au wewe mwenyewe ndio huyo, na una miaka thelathini au arobaini, hiyo namba 180 iandike ukutani.

Tukaishia UTT AMIS, kampuni ya serikali inayoendesha mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Tulianza mfuko wa Umoja ambao upo toka 2005, laki moja kwa mwezi kwa ajili ya yule wa kidato cha pili maana 2031 atakuwa chuo na mimi sina mshahara, hiyo ndio ada yake, imekaa kwa jina lake. Na mkupuo ukija mpango ni sehemu iende kwenye mfuko wao wa Hatifungani, ambao ukiweka kuanzia milioni 10 unaweza kuchagua kulipwa gawio kila mwezi, kwahiyo ule mkupuo unakuwa kama mshahara mdogo wa pembeni. Kingine tunachokipima ni hatifungani zenyewe za serikali zinazouzwa kupitia Benki Kuu, yaani unaikopesha serikali, unaanzia milioni moja, riba inaingia kila miezi sita, zipo mpaka za miaka 25, mzee wangu alivyosikia 25 akauliza nani atakuwepo. Nikamwambia watoto watakuwepo. Kinachonipendeza kwenye vyote hivi ni kwamba hela ipo lakini haipo mfukoni, mtu akija na shida nasema kweli, mkononi sina.

Kuhusu zabibu najua mtaniuliza, maana ni Dodoma hii. Zabibu inatoa mara mbili kwa mwaka na ukiikuta mwezi wa nane pale Hombolo au Mpunguzi inavutia sana, lakini ni mtoto mchanga ile, nguzo, waya, maji, dawa, kupogolea, na msimu ukijaa mnunuzi anakupangia bei kwa sababu anajua itaoza. Alizeti nayo tuliona bei ilivyoanguka mwaka ule mafuta ya nje yalivyoingia, watu waliokuwa wamelima ekari thelathini kwa hela ya mafao walikaa na magunia ndani. Sisemi usilime. Mimi mwenyewe nina robo eka ya zabibu toka mwaka jana, naharibu hela ndogo ya mshahara nikijifunza, na nikiwa na 60 kama bado sijaielewa naachana nayo. Ninachokataa ni mtu kushika jembe kwa mara ya kwanza siku aliyopokea mkupuo.

Kitu kingine, makaratasi. Nilichukua taarifa yangu ya michango kwenye simu nikaanza kuisoma mwezi kwa mwezi, mwaka mmoja niliohamishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine nikakuta miezi saba mitupu. Saba. Nilienda nyumbani nikashusha ule mfuko wa rambo juu ya kabati wenye salary slipu za zamani, zile karatasi ndefu zenye matundu pembeni, wino umefifia mpaka unasoma kwa kuziinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Zilikuwepo zote saba na makato yanaonekana. Imechukua miezi mitano ya kwenda na kurudi, njoo kesho, mhusika yuko semina, lakini imeingia. Nikapiga hesabu, ile miezi saba ni 724,138 kwenye mkupuo na 7,241 kila mwezi mpaka kufa. Angalia na majina, kama barua ya ajira ina herufi moja tofauti na kitambulisho cha NIDA shughulika nayo sasa hivi ukiwa bado unajulikana ofisini, sio ukiwa umebakiza ile miezi sita ya kutoa taarifa ya kustaafu. Barua za kupanda daraja usitupe hata moja, ndizo zinazobeba ile miaka mitatu mizuri.

Nimebakiza moja, na hili ndilo linalonitisha kuliko hela.

Mtaani kwetu Nkuhungu kuna mwalimu mstaafu, mama mmoja mtu wa heshima, alinifundisha kazi nilipoanza. Siku moja mwaka jana nawahi zamu, saa kumi na mbili kasoro, nikamkuta amekaa barazani kwake amevaa vizuri, gauni limepigwa pasi, viatu vya kufunika, mkoba uko magotini. Nikamwamkia shikamoo mwalimu, safari ya wapi mapema hivi. Akasema marahaba mwanangu, siendi popote. Anaamka hivyo kila siku. Anasema akikaa na khanga asubuhi anajisikia anaumwa. Nilifika shule nikasimamia mistari ya watoto lakini mawazo yangu yote yalibaki pale barazani.

Mume wangu ni mtu wa Kondoa na ndoto yake ni kurudi kwao tukazeekee huko, kuna kiwanja cha baba yake na hewa nzuri. Mimi nimemwambia ukweli, nina presha na magoti, nataka niwe karibu na Hospitali ya Mkapa na ile ya Jenerali, na wanawake wa kwaya yangu wako hapa, nikienda Kondoa nitakuwa mgeni nikiwa na miaka sitini. Tumekubaliana atakuwa anaenda kipindi cha kilimo na kurudi. Haijaisha hiyo mada ila inaongeleka. Na kuanzia mwaka huu Jumamosi asubuhi nawafundisha kusoma mama watu wazima sita wa kanisani kwetu, bure, wamo wawili wanaotaka tu waweze kusoma meseji za watoto wao bila kumpa mtu simu. Nilimwomba yule mwalimu wangu aje anisaidie. Sasa ana sehemu ya kwenda na ule mkoba, Jumamosi tu kwa sasa, amesema tuongeze na Jumatano.

Mwezi wa kumi na moja tunafanya mazoezi tena, 372,000 ile ile, safari hii nauli tunaitoa na tunaweka elfu sitini ya michango kwenye bahasha tarehe moja, ikiisha imeisha. Mzee ameshaanza kuuliza kama mbao akiuza mwezi huo inahesabika. Haihesabiki. Kaka ameniomba nimnunulie na yeye kaunta buku kama yangu, nimemtumia kwa basi la Kibaigwa Ijumaa iliyopita.